Wimbo wa Mama na Okestra ya Wageni

Mwanza ya wakati ule, ukisema okestra mtu alielewa bendi ya dansi. Magitaa, ngoma, tarumbeta, wanaume waliovaa mashati ya kufanana, na vinywaji mezani. Kwa hiyo matangazo yalipobandikwa mjini kwamba nitaimba na okestra kutoka Ulaya, jirani zangu wa Pasiansi walianza kupanga nguo za kwenda kuchezea. Dada mmoja tuliyekuwa tunachota naye maji alinisimamisha bombani akaniuliza kama ni kweli Wazungu nao wanapiga sebene. Nikamwambia hawa wanapiga wakiwa wamekaa kwenye viti, tena wanasoma kwenye karatasi.

Akanitazama kwa huruma. "Sasa wewe utachezaje hapo?"

Nilimjibu kwamba sitacheza, nitaimba tu. Moyoni hata mimi nilikuwa sijui nitafanya nini.

Muziki niliuanzia kiwandani. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, upande wa mashine za kufuma, na kiwanda kilikuwa na bendi yake kama mashirika mengi ya umma yalivyokuwa nazo. Mchana unafuma, jioni unafanya mazoezi, Jumamosi unaimba kwenye sherehe. Kutunga nilijifunzia katikati ya kelele za zile mashine, maana pale unaweza kukosea utakavyo na hakuna anayekusikia. Kisha wakaja watu wa kukagua, tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, na wengi wetu tukapunguzwa. Bendi nayo ikaisha, bila hata mtu kututangazia kwamba imeisha. Vyombo vilifungiwa stoo. Mpiga besi akaanza kuuza mitumba, mpiga tarumbeta akaenda Mwaloni kununua sangara kwa ajili ya viwanda vipya vya minofu. Mimi nilibaki na gitaa kavu lililokuwa langu mwenyewe, na nyimbo zilizokuwa kichwani.

Nikapata nafasi ya kuimba Jumapili alasiri kwenye hoteli moja ya ufukweni. Wateja walikuwa wafanyabiashara wa samaki, madereva wa magari ya masafa marefu, na watumishi wa serikali waliokuja na watoto wao kula chipsi na kutazama ziwa. Walitaka nyimbo zinazovuma redioni. Nilikuwa nikishapiga mbili tatu za namna hiyo, nachomeka moja yangu kimya kimya, kabla hawajastuka.

Jumapili moja alikuja mwanamume wa makamo, mwenye miwani, akakaa peke yake na soda. Nilipoanza wimbo wangu niliouita "Mama wa Gatini" aliiacha ile soda mezani. Nilipomaliza alinifuata nyuma nilikokuwa nakunywa maji.

"Huu wimbo ni wa nani?"

"Wangu."

"Nina maana, nani amekutungia?"

"Nimekwambia ni wangu. Nimetunga mwenyewe."

Akaomba radhi kwa dhati, hadi nikaona aibu kwa namna nilivyomjibu. Akajieleza. Alikuwa mtu wa Kagera, Mlutheri, aliyepelekwa na kanisa kusomea muziki Ulaya akabakia kufundisha huko miaka mingi. Okestra ya mji aliokuwa akiishi ilikuwa inakuja nchini. Wangeshuka Dar es Salaam, wachukue treni hadi Mwanza, na hapa kwetu walitaka kupiga pamoja na mwimbaji anayeimba vitu vyake mwenyewe. Yeye ndiye angeiongoza, na alikuwa ametangulia kumtafuta huyo mwimbaji. Alikuwa ameshasikiliza kwaya nyingi. Akasema kwaya zote zilikuwa nzuri na hakuna hata moja aliyoitaka.

Tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu.

Inafaa niueleze huo wimbo. Mama yangu alikuwa Mhaya. Baba, Msukuma, alifariki nikiwa mdogo sana, na mama akatulea kwa ndizi. Mikungu ilipakiwa Bukoba jioni, meli ikasafiri usiku, na asubuhi mama alikuwa gatini kuipokea na kuiuza palepale kwa wenye magenge. Nilikuwa nafuatana naye kabla sijaanza shule. Ubeti wa kwanza ulikuwa juu ya honi ya meli ikiingia. Wa pili ulikuwa juu ya shingo yake, ilivyobeba. Wa tatu ndio watu walioupenda zaidi pale hotelini: siku meli ilipoharibika njiani ikachelewa, ndizi zikafika zimeiva na kupasuka, mama akasimama gatini analia, na watu wakamtazama wakapita. Wa nne, honi inalia tena na mama yupo.

Mwalimu alinirekodi kwenye redio kaseti katika chumba kimoja cha kanisa lao, akaurudisha ule mkanda mara nyingi huku anaandika noti zake. Alipofika ubeti wa tatu aliweka kalamu chini.

"Hapa nitaweka selo."

"Selo ndiyo nini?"

"Subiri utaiona."

Niliiona pale stesheni siku treni ilipoingia. Wale wageni walishuka wamevimba miguu kwa safari, nyuso zimejaa vumbi, lakini hakuna aliyekubali mpagazi ashike chombo chake. Selo zilitoka kwanza, fidla kubwa ambazo mpigaji huzibana kwa magoti, kisha besi kubwa zaidi, zote ndani ya makasha meusi marefu. Watu wa stesheni walipoona makasha yale wakavua kofia. Mzee mmoja akanong'ona kuniuliza marehemu ni nani. Nikamwambia hakuna marehemu, ni magitaa. Akatazama tena, akavaa kofia yake, akasema, "Basi hayo ni magitaa ya majitu."

Mazoezi yalifanyika kwenye jengo la zamani la sinema, lililokuwa limefungwa tangu watu walipoanza kutazama video mitaani. Umeme ulikuwa wa mgao, hivyo tulifungua milango yote tukapata mwanga na upepo wa ziwani. Joto liliwatesa. Kila mara walikuwa wanasimama kukaza nyuzi zilizolegea. Mimi nilikaa kiti cha mbele nikiwa na gitaa langu mapajani, na Mwalimu akainua kijiti cha kuongozea, wakaanza wimbo wangu bila mimi.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Nilikuwa nimeuzoea ule wimbo ukiwa mwembamba, mimi na nyuzi sita. Sasa ulikuja kutoka pande zote, chini na juu, na nikautambua kama unavyomtambua mtoto wako kwa mbali akiwa amevaa nguo za mtu mwingine. Nililia. Dada mmoja wa fidla, ambaye baadaye niliambiwa ndiye kiongozi wao wa nyuzi, aliacha kupiga akanipa kitambaa chake.

Lakini tulipoanza kupiga pamoja, mambo yakaharibika. Nikiingia mimi, wao bado. Wakiingia wao, mimi nimeshapita. Nilipofika mahali ninapopapenda nikavuta sauti kama nilivyozoea, na okestra nzima ikaniacha ikaenda zake.

Mwalimu akasimamisha. Alinisogelea akaongea taratibu ili wengine wasisikie, ingawa Kiswahili hawakukijua. "Dada yangu, kule hotelini ukiona watu wamefurahi unarefusha. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hapa ukirefusha, hawa wote wanabaki hewani."

"Nifanyeje? Kile kijiti chako kinanichanganya."

Akafikiri. "Usinitazame mimi. Mtazame yule dada wa fidla. Utazame upinde wake, huo anaosugulia nyuzi. Kabla hajapiga anauinua na kuvuta pumzi. Ukimwona anavuta pumzi, na wewe vuta. Basi mtaingia pamoja."

Nikafanya hivyo, na kuanzia hapo ndipo kazi ikaanza kweli. Yule dada alikuwa mwembamba, nywele amezifunga nyuma, na alipogundua namtazama yeye akawa anavuta pumzi kwa nguvu zaidi kwa ajili yangu, mabega yanapanda. Lugha hatukuwa nayo, ila zile pumzi zilitosha. Selo ilipigwa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Wengi wao muziki haukuwa kazi yao. Yule mzee kwao alikuwa daktari wa meno. Kwenye ubeti wa tatu alikuwa akinifuata chini chini kama mtu anayetembea nyuma yako ili usianguke.

Siku chache kabla ya onyesho Mwalimu akasema haiwezekani aondoke Mwanza bila kumsalimia mama yangu. Nikampeleka Pasiansi. Nyumba yetu iko juu, katikati ya mawe, na alifika anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

Aliposikia matamshi yake mama akageukia Kihaya, na wakazama humo, vijiji na koo, nani kaoa wapi, hadi chai ikapoa. Mama alikuwa Mkatoliki wa msimamo, lakini Mlutheri wa nyumbani aliyefika hadi mlangoni kwake alimsamehe yote. Wakati wa kuaga Mwalimu akarudi kwenye Kiswahili ili na mimi nisikie. "Mama, una binti. Ule wimbo alioutunga juu yako, wale wazee wa Ulaya wanaupiga huku wanafuta macho."

Mama akatabasamu, akamsindikiza hadi kwenye jiwe kubwa la njiani. Aliporudi alikaa, akachukua kisu chake, akaendelea kumenya ndizi.

"Wimbo gani?" akauliza.

Nilikuwa sijawahi kumwimbia. Kazi yangu ya hotelini hakuwahi kuikataza, lakini hakuwahi kukanyaga pale. Nikirudi aliuliza tu, "Mmemaliza salama?" kama mtu anayepokea msafiri. Nikachukua gitaa nikakaa kizingitini. Niliimba nikitazama chini. Ubeti wa kwanza kisu kiliendelea. Wa pili kilipunguza mwendo. Wa tatu kikasimama.

Nilipomaliza akaniuliza, "Nani alikwambia nililia gatini?"

"Niliona."

"Uliona ukiwa wapi?"

"Mama, nilikuwa pale."

"Ulikuwa umelala juu ya magunia. Nilikufunika kanga." Aliongea bila hasira. "Unajua siku ile ilikuwaje? Meli ilifika jua limeshapanda, ndizi zimepasuka, nzi wamejaa. Nikasema leo ndiyo mwisho. Wale makuli wakaja. Mkubwa wao, Msukuma mmoja mrefu, akaniambia, 'Mama, rete hapa, sisi tunakura hizihizi.' Wakanunua. Kila mmoja akanunua, na wengine hata hawakuwa na njaa. Zilizobaki, yule mama anayepika pombe ya ndizi pale Kirumba akaja na mkokoteni akazichukua zote. Akaniambia zilizoiva ndizo anazozitaka. Nilirudi nyumbani sina mzigo kichwani, mikono mitupu, kama mtu aliyeuza vizuri. Sasa wewe unaimba watu walinitazama wakapita. Nani alipita?"

Nilikumbuka uso wake umelowa. Nikamwambia.

"Nilinawa," akasema. "Jua lilikuwa kali, nikanawa uso ziwani." Akarudi kwenye ndizi yake, akaimenya hadi mwisho ndipo akaongeza, "Kulia nililia. Lakini nyumbani, mlango umefungwa. Hayo ni yangu."

"Basi sitauimba mama. Nitamwambia Mwalimu tuchague mwingine."

"Sijakukataza kuimba. Honi umeiimba vizuri, hata mimi nimeisikia. Nimekwambia usiwaseme wale watu vibaya. Yule mama wa pombe yupo mpaka leo. Siku akija kukusikiliza utamtazama vipi usoni?"

Kulipokucha nilishuka ziwani nikakaa kwenye mawe nikajaribu kuandika ubeti mwingine. Nikawaweka makuli, nikauweka mkokoteni, nikamweka yule mama wa pombe. Maneno yalikuwa ya kweli yote na hayakuimbika. Yalikaa kama taarifa ya habari. Nikijaribu kuyapamba, nasikia sauti ya mama ikiuliza, nani alipita? Kesho yake nikajaribu tena asubuhi. Wavuvi walikuwa wanatandaza dagaa juani, na kule mbali lile wingu la vijidudu vya ziwani lilikuwa limesimama juu ya maji kama moshi. Nilitazama weee, hadi nikaona kwamba kukaa pale ni kukwepa kwenda kumwambia Mwalimu.

Nilimkuta kwenye ukumbi akipanga viti. Nilipomweleza alivua miwani akajisugua macho.

"Onyesho ni kesho."

"Najua."

"Hawa watu wana noti mbele yao. Siwezi kubadilisha."

"Noti zibaki. Maneno ndiyo siwezi kuyaimba."

Alikasirika kidogo, nami sikumlaumu. Akasema wimbo ni wimbo, si ushahidi wa mahakamani. Kwamba kila mtunzi anaongeza. Nikamwambia mimi pia nilidhani hivyo hadi juzi. Nikamsimulia juu ya makuli walionunua ndizi bila njaa. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Kwao naye walikuwa watu wa ndizi. Akaenda akakaa kwenye kiti cha mpiga selo, akaitazama ile karatasi kwa muda.

"Basi ondoa maneno," akasema.

"Niimbe nini?"

"Usiimbe kitu. Selo ipo. Ubeti utapita wenyewe, na wewe utaingia kwenye wa nne."

"Nisimame tu mbele za watu? Watasema nimesahau."

"Waache waseme. Utasimama. Kusimama nako ni kazi."

Mama hakuwa amesema kama atakuja. Siku yenyewe, alasiri, nilichungulia kutoka nyuma ya lile pazia chakavu nikamwona anaingia na kilemba chake cha Pasaka, akifuatana na wanawake wengine wa gatini, vitenge vimepigwa pasi. Kati yao alikuwamo mama mmoja mnene, mzee kuliko wote, anayetembea kwa kuegemea bega la mama yangu. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Ukumbi ulijaa. Vijana walikuja na viatu vya kuchezea, mashati yamechomekewa, wengine wameleta na wapenzi wao. Kipande cha kwanza cha okestra kilikuwa kirefu, cha kwao, na katikati muziki ulipotua watu wakadhani umeisha wakapiga makofi na vigelegele. Wageni wakacheka, wakainamisha vichwa, wakaendelea. Ulipotua mara nyingine watu wakapiga tena. Baadhi ya wenye viatu vya kuchezea wakaondoka. Niliwaona wakitoka mlangoni nikaumia, nikijua wamefuata jina la okestra tu. Lakini wengi walibaki, na kulikuwa na kina baba waliokaa mdomo wazi, kama watoto.

Kisha Mwalimu akaniita.

Sikumbuki nilivyofika pale mbele. Nakumbuka mbao za jukwaa zilikuwa na joto, na kwamba nilimtafuta kwanza yule dada wa fidla, naye akanikonyeza. Akainua upinde, akavuta pumzi, nikavuta, tukaingia. Honi ya meli Mwalimu alikuwa ameiweka kwenye tarumbeta moja iliyokaa nyuma kabisa, na ilipolia, wale wanawake wa gatini wakageuka wote kwa pamoja kutazama mlangoni, kabla hawajacheka wenyewe.

Ubeti wa pili ukaisha. Nikafunga mdomo.

Nyuzi nyingine zote zilitulia, selo ikabaki peke yake. Nilisimama na mikono juu ya gitaa, na ule ukimya wangu ulikuwa mzito kuliko chochote nilichowahi kubeba. Nyuma ukumbini mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Amesahau!" Wengine wakaguna. Sauti ya mwanamke ikamjibu, "Hebu mwache!" Yule mzee wa selo hakustuka. Alipiga taratibu, bila kulazimisha, kama mtu anayezungumza na wa nyumbani kwake.

Nikamtazama mama. Niliambiwa nitazame upinde, lakini nilimtazama. Alikuwa amekaa wima, kama anavyokaa misani, mikono mapajani. Yule mama wa pombe alikuwa ameuchukua mkono wake mmoja akauweka kwenye wake mwenyewe, na mama akauacha hapo. Hakulia. Alikuwa anasikiliza tu, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama vile anakagua kitu na bado hajakiona kibaya.

Kwa kumtazama hivyo nikapotea. Nilisikia selo inashuka kuelekea mwisho wa ubeti na sikujua tena imebaki kiasi gani. Nikageuza macho kumtafuta yule dada, na nadhani aliona hofu yangu, kwa sababu aliinua upinde juu kuliko kawaida, karibu juu ya kichwa, na akavuta pumzi kwa sauti, pumzi ya mtu anayetoka majini. Hata waliokaa mbele waliisikia. Nikavuta yangu. Tukaingia kwenye ubeti wa nne pamoja, na okestra nzima ikaja nyuma yetu.

Kuna wakati mtu unaimba na sauti inakuwa si kazi tena. Mimi umenipata mara chache, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Tulipomaliza watu walisimama. "Rudia! Rudia!" Wageni hawakuelewa, wakadhani wamekosea. Mwalimu akawaeleza, wakatazamana, wakafungua tena ukurasa wa kwanza. Safari hii wale vijana waliobaki hawakuvumilia; wakainuka wakacheza polepole kwenye njia za katikati ya viti, wawili wawili, na selo ilipobaki peke yake hakuna aliyesema nimesahau. Walicheza hata hapo, miguu haitoki chini, kama wanaopima kitu.

Baadaye mama alikuja mbele akiwa amemshika mkono mwenzake. Nilidhani anakuja kwangu. Akanipita, akaenda moja kwa moja kwa yule mzee aliyekuwa anafuta selo yake kwa kitambaa. Akampa mkono, huku amekishika kiwiko kwa mkono wa pili, kama anavyosalimiwa mtu wa heshima.

"Mwalimu, mwambie huyu baba kwamba amepiga vizuri," akasema. "Mwambie hakuzidisha kitu."

Mwalimu akatafsiri. Yule mzee alisikiliza, akauliza kitu, Mwalimu akamweleza zaidi, kirefu. Akamtazama mama, akakiweka chini kile kitambaa, na akainama kama walivyoinama mbele ya ukumbi mzima, ila sasa aliinama kwa ajili ya mtu mmoja. Mama alicheka hadi akafunika mdomo.

Kwangu mimi alisema njiani tukipanda kwenda nyumbani. "Umeimba," akasema tu. Baada ya hatua kadhaa akasimama kupumzika kwenye jiwe. "Na uliponyamaza, ulinyamaza vizuri."

Wageni waliondoka kwa treni, na yule dada wa fidla aliniachia pakiti ya nyuzi ambazo gitaa langu halikuweza kuzitumia. Nimezitunza hata hivyo. Kaseti iliyorekodiwa siku ile ilitoka na mvumo mwingi, kukohoa kwa watu na kelele za njiwa wa kwenye dari, lakini ilinakiliwa na kuzunguka mjini, na redio moja mpya ikawa inaupiga wimbo asubuhi. Kwa njia hiyo nikaitwa Dar es Salaam kurekodi. Kiwanda kilipata mwekezaji baadaye, kikafunguliwa kwa wafanyakazi wengine. Hawakuniita, na sikwenda kuuliza.

Kilichobadilika zaidi kilikuwa nyumbani. Mama alianza kunisimulia. Zamani ukimuuliza mambo ya gatini alikwambia, "Tuliuza, tukala, mkakua," basi. Sasa alikuwa akikaa na ungo wake wa maharage anaanza mwenyewe, bila kuulizwa, na kila akimaliza ananipa na hukumu: hii imba, hii hapana. Za hapana zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa nzuri mno, lakini sijaziimba, na hapa pia sizisemi.

Jioni moja alinisimulia mwaka ambao meli za Bukoba zilisimama, akawa anavuka kwenda Kamanga kutafuta ndizi upande wa Sengerema, akitembea kijiji kwa kijiji kwa watu asiowajua na Kisukuma chake cha kubabaisha. Walimcheka matamshi, wakampa maji, wakamwonyesha njia. Aliporudi kwenye kivuko mvua ilikuwa imeanza na ngazi zinateleza.

"Hiyo je?" nikamuuliza.

Akachambua maharage kwa muda.

"Hiyo imba," akasema. "Lakini umweke na yule mwanamume wa kivuko. Alinipokea mkungu nikiwa bado majini, na sikuwa nimemwomba."

Nikainuka kwenda ndani kuchukua gitaa.